Mlinzi wa Simu Yako Anaona Nini? Somo kuhusu programu za usalama wa mtandaoni na siri zako

Tuchukue mfano wa kibanda ambacho mkaazi yeyote wa Timbwani anaweza kukitambua. Kiko kando ya njia ya kuelekea feri. Mwenye kibanda ni mama wa makamo. Anaweka na kutoa pesa za M-Pesa, anapiga chapa, anatoa kopi, na anawajazia watu fomu za eCitizen na KRA. Wateja humtumia nyaraka kwa WhatsApp ili awachapishie: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya basari, hati ya shamba, pasipoti ya binti anayejiandaa kwenda kufanya kazi Saudia au Qatar. Ikifika jioni, simu yake na kompyuta yake zimebeba siri za nusu ya mtaa.

Siku moja kompyuta inaanza kukwama. Kijana fundi wa jirani anaitazama na kusema, "Mama, hii imeingia virusi. Nikuwekee antivairasi ya bure, itakuwa sawa." Mama anajibu, "Haya mwanangu, weka, mradi kazi za watu zisipotee." Baada ya dakika kumi programu imeshawekwa. Ndani ya dakika hizo kumi ulitokea ukurasa mrefu wa masharti, kwa Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali. Fundi alikibonyeza. Hakuna aliyeusoma.

Mama huyu hakukosea kutaka ulinzi. Lakini liko swali ambalo hakuliuliza, na wengi wetu hatuliulizi: huyu mlinzi tuliyemkabidhi funguo za nyumba nzima anaona nini humo ndani, na anakifanyia nini anachokiona? Hilo ndilo somo letu katika toleo hili.

MALENGO YA SOMO

Ukimaliza kusoma, unatarajiwa uweze kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini programu ya usalama huona data yako nyingi. Pili, kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kuiweka kwenye simu au kompyuta. Tatu, kujua haki zako chini ya sheria ya Kenya na mahali pa kupeleka malalamiko.

1. KWA NINI MLINZI LAZIMA AONE KILA KITU

Programu ya kuzuia virusi haiwezi kufanya kazi ikiwa imefumba macho. Ili ijue kama faili ina hatari, sharti iifungue na kuichunguza. Hufanya hivyo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kulinganisha. Kampuni ina orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, na programu hulinganisha kila faili yako na orodha hiyo. Kazi hii hufanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Ya pili ni kupeleka. Programu nyingi za siku hizi zikikuta faili zisiyoifahamu, huituma faili hiyo au maelezo yake kwenye kompyuta kubwa za kampuni ili ichunguzwe zaidi. Kompyuta hizo zaweza kuwa Ulaya, Marekani au Asia. Mara nyingi mpangilio huu huwa umewashwa tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni kukagua tovuti. Ili ikuonye kwamba ukurasa fulani ni wa matapeli, programu hutazama anwani za kurasa unazofungua. Kwa hivyo inaweza kujua ugonjwa uliousoma usiku, mkopo uliouulizia, ibada unayoifuatilia na kazi unayoitafuta.

VPN nayo ina hadithi yake. Kwa kawaida, mwenye mtandao unaoutumia, awe ni kampuni ya simu au mwenye Wi-Fi ya mkahawa, anaweza kujua ni tovuti zipi unazitembelea. VPN huficha hayo kwa kupitisha mawasiliano yako kana kwamba yako ndani ya bomba lililofunikwa, hadi kwenye kompyuta ya mwenye VPN. Basi siri yako haikutoweka. Imehama tu: kwanza ilikuwa mikononi mwa kampuni ya simu unayoijua na yenye ofisi hapa nchini, sasa iko mikononi mwa mwenye VPN ambaye pengine hujui hata anaishi nchi gani.

Hakuna ubaya katika hayo yote kwa yenyewe. Ndivyo kazi ilivyo. Bawabu asiyeruhusiwa kukaribia lango hawezi kulinda nyumba. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, bawabu asiye mwaminifu ana madhara kuliko mwizi wa nje. Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako.

2. MAMBO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Tusizungumze kwa hofu tupu. Hivi hapa visa vinne vinavyojulikana, na kila kimoja kina funzo lake.

Kisa cha kwanza: mlinzi aliyeuza alichokiona. Avast ni antivairasi yenye asili yake nchini Jamhuri ya Czech, na toleo lake la bure limewekwa kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Mnamo Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba historia ya kurasa walizotembelea watumiaji ilikuwa ikikusanywa na kuuzwa kupitia kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ilifungwa mwezi huo huo. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na itapigwa marufuku kuuza data ya aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Kwa mujibu wa tume hiyo, data ilikuwa imeuzwa kwa zaidi ya kampuni 100, na ndani yake mtu angeweza kutambua mambo kama imani ya dini, hofu za kiafya na hali ya kifedha ya watumiaji. Kampuni ilikuwa imesema majina yaliondolewa, lakini tume iliona uondoaji huo haukutosha. Funzo: hata jina kubwa linaloaminika linaweza kuwa na biashara ya pili usiyoijua.

Kisa cha pili: mlinzi aliyemtumikia bwana mwingine. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Onavo iliyokuwa na VPN ya bure kwa simu. Watumiaji waliambiwa kwamba itawalinda. Wakati huo huo, iliiwezesha Facebook kujua watu wanatumia programu gani nyingine kwenye simu zao, kwa muda gani na mara ngapi. Kutokana na taarifa kama hizo, Facebook iliweza kuona jinsi WhatsApp ilivyokuwa ikikua, na mwezi Februari 2014 ikatangaza kuinunua. Onavo iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 na ikafungwa mwaka 2019. Julai 2023, mahakama nchini Australia iliamuru kampuni tanzu za Meta zilipe dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kutowaeleza watumiaji waziwazi data yao ilikuwa ikitumiwaje. Funzo: uliza mwenye programu ni nani, na anapata faida gani kukupa bure.

Kisa cha tatu: mlinzi aliyeacha mlango wazi. Julai 2020, watafiti wa usalama waligundua hifadhi ya data ya VPN saba za bure, zikiwemo UFO VPN na Rabbit VPN, ikiwa wazi mtandaoni bila nywila. Humo mlikuwa na kumbukumbu za watumiaji, na VPN hizo zilikuwa zimewaahidi wateja kwamba haziweki kumbukumbu yoyote. Kisa hiki kinatuhusu. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilipozuiwa nchini, ushauri uliozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ulikuwa mmoja: "Pakua VPN yoyote ya bure." Neno la hatari katika ushauri huo ni "yoyote". Funzo: ahadi iliyoandikwa kwenye tangazo si ushahidi.

Kisa cha nne: mlinzi aliyebadilishwa usiku. Juni 2024, serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa antivairasi ya Kaspersky nchini humo kwa hoja za usalama wa taifa, kwa kuwa kampuni hiyo ni ya Urusi. Kampuni ilikanusha tuhuma hizo. Marufuku hayo hayaihusu Kenya. Lakini kilichofuata kinafundisha. Septemba 2024, wateja wengi wa Marekani waliwasha kompyuta zao na kukuta Kaspersky imejiondoa na mahali pake pamewekwa programu nyingine iitwayo UltraAV. Kampuni ilikuwa imetangaza mpango wa kuwahamisha wateja, lakini wengi walisema hawakuelewa kwamba jambo hilo lingefanyika bila wao kubonyeza chochote. Funzo: programu ya usalama ina mamlaka ya kuweka na kuondoa vitu kwenye kompyuta yako. Ukimpa mtu funguo zote, anaweza kumpa mwenziwe.

Zaidi ya visa hivyo, kuna walinzi wa bandia. Aprili 2014, programu ya simu iliyoitwa Virus Shield iliuzwa kwenye duka la Google kwa karibu dola nne. Maelfu ya watu waliinunua. Ilipochunguzwa, ilibainika kwamba kazi yake ilikuwa moja tu: ukibonyeza, alama ya mkasi inageuka kuwa alama ya vema. Haikukagua kitu. Google iliiondoa na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Na mwaka 2019, maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilipima programu 250 za kuzuia virusi kwenye simu za Android. Ni 80 tu zilizoweza kutambua zaidi ya asilimia 30 ya programu hatari zilizotumika kwenye jaribio.

3. BASI TUZIACHE KABISA?

Hapana. Virusi vipo, na wezi wa mtandaoni wapo. Mama wa kibanda akipoteza kompyuta yake kwa virusi vinavyofunga faili na kudai fidia, hasara ni yake na ya wateja wake. Funzo la visa hivi ni kwamba ulinzi unachaguliwa kwa uangalifu, kama tunavyomchagua yaya wa mtoto. Hatumchukui wa kwanza aliyepita mlangoni kwa sababu tu hakudai mshahara.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba ulinzi wa msingi tayari upo. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huja na kinga yake yenyewe, Microsoft Defender, isiyohitaji kununuliwa wala kupakuliwa. Simu za Android zenye duka la Google Play zina Play Protect, inayokagua programu unazoweka. Kinga hizi nazo hutuma taarifa kwa wenyewe, Microsoft na Google. Lakini kampuni hizo tayari umeshaziamini uliponunua kifaa. Ukiongeza programu ya tatu, unaongeza jicho la tatu. Ongeza tu ukiwa na sababu.

Pia tuelewe kwamba hakuna antivairasi inayoziba pengo la kutosasisha kifaa. Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Saiba au ofisi ambayo bado inatumia mfumo huo bila mpango wowote wa masasisho inalinda dirisha huku ukuta una ufa.

Nikiri langu hapa. Miaka michache iliyopita simu yangu ilikuwa nzito, nikapakua programu ya bure iliyojinadi kwamba inasafisha simu na kufukuza virusi. Iliomba ruhusa ya kuona anwani za watu, jumbe fupi na mahali nilipo. Nilikuwa na haraka ya kuwahi mkutano, nikakubali zote. Nilipokuwa naandaa somo hili nilifungua mipangilio ya simu na kukuta ruhusa hizo bado zipo. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na namba za wazee wa mtaa, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na wananchi walionipigia kwa shida zao. Hawakuniruhusu kumpa mtu yeyote namba zao. Nilikuwa nimewatolea idhini bila kuwauliza. Sijui data hiyo ilikwenda wapi, na ndilo jambo linalonikera zaidi.

4. MASWALI SITA KABLA YA KUBONYEZA "KUBALI"

a) Mwenyewe ni nani? Tafuta jina la kampuni, nchi yake na anwani yake. Programu isiyosema mwenyewe ni nani usiiweke.

b) Anapataje pesa? Kama kuna toleo la kulipia linalobeba gharama za toleo la bure, hilo linaeleweka. Kama hakuna anayelipa chochote na matangazo yamejaa, huenda kinachouzwa ni taarifa zako.

c) Anaomba ruhusa gani? Linganisha ruhusa na kazi. Kinga ya virusi ina sababu ya kuona faili. Haina sababu ya wazi ya kusikiliza maikrofoni au kunakili anwani za watu wako.

d) Data inakwenda wapi, na inakaa muda gani? Tafuta sehemu ya sera ya faragha inayosema data inapewa nani. Kama Kiingereza cha kisheria kinakushinda, mwombe mwanafunzi au mwalimu aliye karibu akusomee sehemu hiyo moja.

e) Nani mwingine ameipima? Usitegemee nyota za duka pekee, kwani zinaweza kununuliwa. Maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huchapisha matokeo yao bure. Lakini kumbuka kwamba maabara hupima zaidi uwezo wa kukamata virusi. Uaminifu ni swali jingine, na Avast ilikuwa ikifanya vizuri kwenye vipimo.

f) Nikitaka kuacha, naweza? Jua mapema jinsi ya kuiondoa na jinsi ya kuomba data yako ifutwe.

Yako pia mambo matatu ambayo hayahitaji swali, kwani jibu lake ni hapana. Usiweke antivairasi ya kulipia iliyovunjwa kufuli ambayo fundi anakuuzia kwa shilingi mia mbili. Aliyeivunja anaweza kuwa ameongeza kitu chake ndani. Usibonyeze tangazo linaloruka kwenye skrini likisema simu yako ina virusi 13. Tovuti ya kawaida haina uwezo wa kukagua simu yako, hilo ni tangazo la uongo. Na hakuna programu ya usalama inayohitaji PIN yako ya M-Pesa. Hakuna hata moja.

5. KAGUA SIMU YAKO LEO

Chukua simu yako sasa. Kazi hii haimalizi robo saa, na haili bando kubwa.

Kwanza, fungua mipangilio, ingia sehemu ya programu, na usome orodha yote. Programu ambayo hukumbuki kuiweka, au ambayo hujaitumia kwa miezi mitatu, iondoe.

Pili, ingia sehemu ya ruhusa. Tazama ni programu zipi zinaweza kusoma jumbe fupi, anwani, mahali ulipo, kamera na maikrofoni. Ondoa ruhusa isiyo na maana. Ukikosea, programu itakuomba tena.

Tatu, tazama sehemu ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Programu iliyopewa ruhusa hii inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako. Ndiyo ruhusa wanayoipenda sana wezi wa pesa za simu. Kama hujui kwa nini programu fulani imo humo, izime.

Nne, fungua duka la Play, bonyeza picha yako juu, chagua Play Protect, na uiamuru ikague simu.

Tano, kama una antivairasi uliyoichagua mwenyewe, ingia kwenye mipangilio yake ya faragha. Zima sehemu inayoruhusu kutoa data yako kwa wengine au kwa matangazo. Sehemu ya kutuma faili zinazoshukiwa, unaweza kuiweka ikuulize kwanza, ikiwa programu inaruhusu hivyo.

6. SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaeleza haki hiyo itekelezweje, na iliunda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, una haki ya kuelezwa data yako inatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuiona, haki ya kupinga isitumiwe, haki ya kusahihishiwa makosa, na haki ya kufutiwa taarifa za uongo au za kupotosha. Sheria inazihusu pia kampuni zisizo na ofisi nchini ikiwa zinashughulikia data ya watu walio Kenya. Kwa hivyo mwenye antivairasi aliye ng'ambo hawezi kusema kwamba Timbwani haimhusu.

Ukiona haki yako imekiukwa, iandikie kampuni kwanza na uweke nakala ya ulichoandika. Usiporidhika, peleka malalamiko ODPC kupitia tovuti yao, odpc.go.ke. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Sheria hii imekwisha kutumika. Septemba 2023, ODPC ilitangaza faini ya shilingi 2,975,000 dhidi ya Mulla Pride, kampuni iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash. Kosa lake lilikuwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine, na kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Wengi wa watu kama hao huwa hawakukopa chochote. Namba zao zilikuwa tu kwenye simu ya jamaa aliyebonyeza "kubali".

7. NENO KWA WENYE VIBANDA, SAIBA NA VYAMA

Turudi kwa yule mama wetu. Yeye si mtumiaji wa kawaida tu. Anapopokea kitambulisho cha mteja, sheria inamtazama kama mtu aliyekabidhiwa data ya mwingine, hata kama biashara yake ni meza moja na mwavuli. Vivyo hivyo katibu wa chama mwenye daftari la wanachama, mwalimu wa madrasa mwenye orodha ya watoto, na wakala wa ajira mwenye nakala za pasipoti.

Nakala ya kitambulisho ikifika kwa tapeli inaweza kutumika kusajili laini ya simu au kuombea mkopo kwa jina la mtu asiye na habari. Mwenye kitambulisho atajua siku atakapopigiwa simu za kudaiwa. Na hatajua ilitokea wapi.

Kwa hivyo: futa nyaraka za mteja mara tu kazi inapokwisha, kwenye WhatsApp, kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka la kompyuta. Tumia kinga iliyokuja na kompyuta na uisasishe. Fundi akitaka kuweka programu mpya, mwambie akutajie jina lake, mwenyewe ni nani, na kwa nini inahitajika, kabla hajaigusa mashine. Fundi mwema hatakasirika kuulizwa.

Nawe mteja, usione haya kusema, "Mama, ukishachapisha naomba uifute." Ni haki yako, na haimvunjii mtu heshima.

MASWALI YA MAJADILIANO

Maswali haya yanaweza kutumiwa na vikundi vya vijana, vyama vya akina mama, madarasa ya sekondari au familia nyumbani.

1. VPN inaficha nini, na inamficha nani? Ni nani anayebaki akiona?

2. Kati ya visa vinne tulivyovisoma, ni kipi ambacho mtumiaji angeweza kukiepuka kwa kusoma masharti? Ni kipi ambacho hata kusoma kusingemsaidia?

3. Nani katika mtaa wenu anashika nyaraka za watu wengi? Mnaweza kumsaidiaje azilinde?

4. Je, ni sawa kutoa ruhusa ya anwani zote za simu yako wakati wenye namba hizo hawajaulizwa?

KAZI YA NYUMBANI

Fungua simu ya mzazi, mzee au jirani asiyejua kusoma vizuri mipangilio, kwa ruhusa yake na akiwa ameketi kando yako. Pitieni pamoja hatua tano za sehemu ya 5. Kila programu mnayoikuta, muulize, "Hii ni yako? Unaitumia?" Msimwekee kitu kipya siku hiyo. Mwondoleeni tu kisichohitajika, na mwelezeni kwa nini.

Gazeti hili halipendekezi kampuni yoyote ya programu za usalama, na halikatazi yoyote iliyo halali nchini. Uchaguzi ni wako. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kumkabidhi mtu funguo, umuulize jina lake.